Msimu wa Kushuka Baiskeli

Jumatatu, 3 Julai 1995

Shule imefunguliwa. Mwalimu Salvatory wa Kiswahili ametaka sisi wa kidato cha pili tuandike shajara mpaka pamba iishe mashambani. Hatazisoma, ila amesema hataki mtu aandike "nimeamka, nimenawa uso, nimekunywa uji". Darasa lilicheka. Mimi nimefurahi kimoyomoyo, maana kwenye karatasi maneno yangu hayakwami.

Basi: leo nimekwenda shuleni Dutwa kwa baiskeli kwa mara ya kwanza, maana mpaka likizo nilikuwa nakaa kwa shangazi huko huko. Baba amenipa ya kwake, kwa kuwa mwaka huu shamba liko karibu na nyumba na yeye anaweza kutembea. Nimeongozana na Nyamizi, binti wa jirani yetu Mzee Thomasi. Baiskeli zetu zote ni za kiume, zenye bomba la kati. Nyamizi anarusha mguu juu ya bomba kama mwanamume, sketi anaibana kwa mkono mmoja, na hajali. Mimi siwezi. Nikitaka kupanda lazima nipate kichuguu au jiwe la kusimamia. Nikishuka mahali pasipo na kichuguu, nasukuma mpaka kitokee.

Vijana wa pale kwenye mashine ya kusaga walitupigia kelele. "Dereva wa kike! Sketi italiwa na cheni!"

Nyamizi akawajibu bila kugeuka, "Sketi yangu ina akili kuliko wewe!"

Mimi nilitazama tairi la mbele.

Jumatano, 5 Julai

Vumbi tu.

Ijumaa, 7 Julai

Nieleze vumbi. Zamani pamba ilinunuliwa na chama cha msingi peke yake, na lori la chama lilikuja taratibu likijua kwamba pamba inalisubiri. Sasa wanunuzi binafsi wameruhusiwa, na kila kampuni inataka kufika kwenye mizani kabla ya mwenzake. Malori yanakimbizana, moja nyuma ya jingine. Watu wamefurahia bei. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kulima, kila mwenye shamba kando ya barabara alilima mpaka ukingoni ili aongeze matuta. Kijia cha watembea kwa miguu kimekuwa pamba. Baba naye alilima chetu. Kwa hiyo siku hizi ng'ombe, bibi wenye mitungi, baiskeli na malori, wote tuko barabarani.

Jumanne, 11 Julai

Hesabu za mlinganyo. Nimepata zote.

Jumatano, 12 Julai

Leo nimefanya jambo baya. Ni dogo, lakini ni baya.

Kwetu mtu aliye juu ya baiskeli hamwamkii mzee akiwa juu. Unashuka, unashika usukani kwa mkono mmoja, na ukiwa msichana unakunja goti. Ndipo unasema "Mwangaluka," salamu yetu ya Kisukuma, unangoja mzee aitikie, aulize "Mhola?", yaani salama, kisha habari za nyumbani, za ng'ombe na za shule. Akimaliza unapanda tena. Ukipita juu ya baiskeli ni kama umemtazama mzee kwa dharau.

Nyamizi alitangulia leo, ilikuwa zamu yake ya kufagia darasa. Nilikuwa peke yangu. Nikamwona kwa mbele Mzee Mwandu, anatoka kunywesha ng'ombe, fimbo begani. Mzee Mwandu huuliza habari za kila mtu mpaka za marehemu. Pale hapakuwa na kichuguu. Nilijua nikishuka nitasimama mbele yake nikihangaika na sketi na lile bomba, na yeye atanitazama, au nitasukuma mpaka nichelewe. Wakati nafikiri, lori la bluu likapita na kufunika kila kitu. Nikainamisha kichwa, nikakanyaga pedeli kwa nguvu, nikapita ndani ya vumbi.

Nilimsikia akiita, "Nani huyo? Mtoto wa nani huyo?"

Nikazidi kukanyaga.

Ijumaa, 14 Julai

Jioni nilikuwa kwa kina Nyamizi, nawasaidia kuchambua pamba. Tulikaa uani na mama yake, Mayu Philomena, tukitenga pamba safi upande huu na fifi, ile chafu yenye madoa, upande ule. Nyamizi alikuwa anamwigiza mwalimu wa jiografia, na mama yake alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

Mzee Mwandu akaingia. Tukapiga magoti wote watatu. Hakukaa.

"Thomasi," alimwita baba yake Nyamizi, aliyekuwa amekaa mlangoni, "binti yako ameniacha kwenye vumbi kama nguzo ya uzio. Nimeita, hakugeuka."

Nyamizi akakodoa macho, akamwita guku, yaani babu, kama tunavyowaita wazee wetu. "Mimi, guku? Lini?"

"Juzi asubuhi. Macho yangu yana ukungu, lakini sketi ya shule naijua."

"Pengine ni mwingine, guku."

"Mwingine yupi? Wasichana wenye baiskeli wanaopita kwangu ni wewe na huyu." Akaninyooshea fimbo. "Na huyu hata kuku anamwamkia."

Watu wakacheka. Mzee Thomasi alicheka, Mayu Philomena alicheka. Nami nilicheka.

Nyamizi alifikiri kidogo. Nafikiri alijiuliza kama labda kweli alimpita bila kumwona. Halafu akakunja magoti yote mawili mpaka chini, kwenye makapi ya pamba. "Nisamehe, guku. Sitarudia."

Mzee Thomasi hakucheka tena. "Nikisikia jambo hili mara nyingine, baiskeli inaingia ndani. Shule utakwenda kwa miguu. Ukichoka, jembe lipo."

Kutoka kwetu mpaka Dutwa hakuna msichana aliyemaliza mwaka kwa miguu. Dada yake Nyamizi alijaribu, sasa ana watoto wawili huko Lalago.

"Mektilda," Mayu Philomena akaniambia, "unachanganya fifi na safi. Umelala?"

Jumamosi, 15 Julai

Nimepima. Nikisema, baba atanichukulia baiskeli. Nisiposema, Nyamizi ameshaomba msamaha na imekwisha. Imekwisha, kwa nini niifukue?

Jumatatu, 17 Julai

Haijaisha. Nyamizi sasa anashuka kwa kila mtu. Kwa wazee, kwa mama wabeba kuni, kwa katekista, kwa mtu mmoja mwenye ndevu ambaye tulipomkaribia tukaona ni kijana wa darasa la saba aliyerudia rudia. Nyamizi alimkunjia goti vilevile.

"Nyamizi, yule ni mdogo wetu!"

"Ana ndevu. Hata beberu nitamshukia mwaka huu. Baba asisikie tena jina langu."

Alicheka. Tulifika tumechelewa, tukachapwa viboko viwili viwili mikononi.

Alhamisi, 20 Julai

Kesho nitamwambia.

Ijumaa, 21 Julai

Sikumwambia. Alikuwa na furaha, amepata themanini ya biolojia.

Jumatano, 26 Julai

Leo nimeona kitu. Lori la kijani lilitupita, vumbi likasimama kama ukuta. Nyamizi alikuwa ameshuka katikati ya barabara kumwamkia bibi mmoja. Mara ndani ya lile vumbi nikasikia injini nyingine. La bluu lilikuwa nyuma ya lile la kijani, na dereva hakuwa anaona kitu. Lilipita karibu mno, upepo wake ukamvua bibi kilemba. Bibi alitukana kwa Kisukuma maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kazi ya shule.

Lori la kwanza halina hatari sana kwa sababu unaliona. La pili ndilo lenye hatari. Na sisi tunasimama mahali pale pale, tumeinamisha vichwa, tunasubiri kuulizwa habari za ng'ombe.

Mchana Mwalimu Salvatory aliuliza darasani, "Nani ana jambo la kusema kuhusu usalama wa wanafunzi njiani? Kuna kikao cha wazazi Jumamosi."

Nilikuwa nalo lote kichwani, na mifano. Mkono wangu ulibaki juu ya dawati. Kama ningesema watu wasishuke, angeuliza nimejuaje kwamba kushuka kuna shida, nani alikataa kushuka, lini. Nilihisi maswali yote yananielekea mimi.

Joyness alisema tuombe vyoo. Mwalimu akaandika vyoo.

Jumanne, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Hakuna shule. Wakulima wako kwenye mizani.

Alhamisi, 10 Agosti

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika kwa sababu nikifumba macho naiona tu, kwa hiyo heri niione hapa.

Jana asubuhi upepo ulikuwa mkali. Tulikuwa tumeshapita mashine ya kusaga. Mzee Mwandu alikuwa anakuja mbele yetu na ndama mmoja wa kamba. Mimi nilimwona mapema. Kando yangu kulikuwa na kichuguu, nikashuka hapo hapo, kwenye kichuguu, nje ya barabara, ili niweze kupanda tena. Ndiyo sababu ninaandika leo. Kwa sababu sijui kupanda baiskeli vizuri.

Nyamizi aliendelea mpaka mbele ya mzee. Lori la kijani likapita. Sikumwona tena kwa vumbi, lakini nilimsikia.

"Mwangaluka, guku."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola, guku."

"Kwenu hawajambo?"

Nikasikia injini. Nilijua. Nilijua kabla ya wote, nilikuwa nimekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nikafungua kinywa kuita "Nyamizi, toka!" na sauti ilitoka kama mtu anayenong'ona kanisani.

Kisha breki, na chuma, na ndama akilia.

Vumbi lilipotua, Mzee Mwandu alikuwa amekaa chini kwenye pamba, ameshikilia mkono wa Nyamizi. Alikuwa amemvuta. Kama asingemvuta. Baiskeli ilikuwa chini ya lori imekunjika. Mguu wa Nyamizi, chini ya goti, ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Dereva alishuka. Ni kijana tu. Alishika kichwa akazunguka lori lake kama mtu anayetafuta mlango. "Sikumwona. Haki ya Mungu sikumwona, mbele lilikuwa vumbi tu."

Watu walikuja wakikimbia kutoka mashineni, hao hao wa "dereva wa kike". Wao ndio walivunja vijiti, wakafunga mguu kwa shati la mmoja wao, wakampandisha Nyamizi nyuma ya lori, juu ya pamba, na lori likaenda Bariadi hospitali, sasa likiwa taratibu. Nilibaki na baiskeli yangu nzima. Mtu mmoja aliniambia, "Wewe Mungu amekupenda, binti."

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa tulikwenda Bariadi kwa basi, mimi na mama. Nyamizi amefungwa hogo, ile plasta ngumu, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya goti. Uso umepungua.

Mama alipotoka kutafuta maji, Nyamizi alinishika mkono. "Uliniona? Nilikunja goti vizuri. Sasa mzee hawezi kusema sina adabu."

Nilisema, "Nilikuona."

Ndilo neno pekee nililosema wodini. Nililiandaa jingine ndani ya basi, njia nzima.

Jumatano, 16 Agosti

Baba ameingiza baiskeli ndani. "Kwa usalama wako," amesema. Joyness amenyang'anywa yake. Lucy wa kidato cha kwanza pia. Watoto wa kiume wanaendesha kama kawaida.

Ijumaa, 18 Agosti

Kwa miguu. Nimefika kipindi cha tatu.

Jumanne, 22 Agosti

Kwa miguu. Lucy hajaja tangu jana.

Alhamisi, 24 Agosti

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mayala, ameitisha mkutano Jumapili. Ajenda ni baiskeli na watoto wa kike. Kisimani wanasema limekwisha amuliwa, mkutano ni wa kupigia muhuri.

Jumapili, 27 Agosti

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mizani, watu wamekaa juu ya magunia. Mzee Mayala alifungua kwa maneno marefu, halafu akasema mambo mafupi: watoto wa kike wasiendeshe baiskeli mpaka msimu wa ununuzi uishe.

"Na msimu ujao?" aliuliza Mayu Philomena.

"Tutaona."

Mzee Marcelo, mwenye shamba refu karibu na daraja, akasema, "Tuseme ukweli. Baiskeli si kitu cha kike. Mtoto wa kiume angeruka pembeni."

"Angeruka aende wapi?" Mayu Philomena alisimama, hajafunga vizuri khanga. "Lori lilimuuliza kama ni wa kike? Mwanangu alikuwa anaamkia. Mlimwambia aamkie!"

"Kwa kuwa alikuwa haamkii," mtu akasema nyuma. "Wote tunajua ilivyoanza. Angekuwa na adabu toka mwanzo kama mtoto wa Constantine, asingekuwa anajitia kuamkia kila jiwe."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama. Nilisikia jina la baba yangu likitajwa kwa sifa, na sifa ile ilikuwa imechukuliwa kwenye mguu wa Nyamizi. Nikasimama. Sijui nilisimamaje.

"Mimi ndiye," nilisema.

"Sauti!" Mzee Mayala akasema. "Hatusikii, binti."

"Aliyempita Mzee Mwandu mwezi wa saba ni mimi. Nyamizi alikuwa ameshafika shuleni anafagia."

Nilidhani watapiga kelele. Waligeuka kumtazama baba. Baba alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani.

Mzee Thomasi aliongea polepole. "Ulikuwa nyumbani kwangu siku ile. Ulikuwa unachambua pamba yangu."

"Ndiyo, baba."

"Ukasikia nikimwambia mwanangu habari ya jembe."

"Ndiyo, baba."

Aliinama akaokota pamba iliyodondoka guniani. Nilitaka kukaa, lakini nikikaa ingekuwa nimesema yangu tu na kuacha ya barabara. Kwa hiyo nikaendelea na habari ya lori la pili. Kwamba vumbi la lori la kwanza linalificha. Kwamba tunashuka katikati ya barabara kwa sababu hakuna kando. Kando tumepanda pamba, hata baba yangu amepanda. Kwamba mtoto wa kiume akishuka pale naye atagongwa, na mzee anayeitikia naye atagongwa. "Hatukatai kushuka," nikasema. "Tunaomba mahali pa kushukia."

Mtu mmoja akacheka, "Sasa huyu ndiye mpole?" Wengine wakaguna.

Mzee Mwandu alikuwa amekaa mbele, mkono wake bado una kidonda cha siku ile. Alinyanyuka kwa fimbo.

"Sikuona," alisema. "Nilikisia. Nikachukua mwenye mdomo nikamwacha mnyamavu, nikadhani kunyamaza ndiyo adabu." Akageukia kwangu. "Ungeshuka tu, ningekujibu haraka siku ile, mwanangu. Hata mimi nilikuwa na kiu." Watu walicheka kidogo, mimi sikuweza. Kisha akasema, "Mabua ya pamba tutayang'oa wenyewe mwezi ujao, ni sheria. Mimi matuta mawili ya barabarani nikiyang'oa, sitayalima tena. Apite mtoto. Apite na ng'ombe."

Mabishano yalikuwa marefu. Wengi walikubali matuta mawili, wengine moja. Mzee Marcelo alikataa kabisa, akasema hawezi kulimia serikali njia. Mzee Mayala akatamka kwamba suala la kukataza wasichana "limewekwa pembeni". Mzee Thomasi aliondoka kabla ya kufunga.

Nyumbani baba hakunipiga. Alikula, akanawa, akaenda kulala. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 28 Agosti

Nyamizi ameruhusiwa, amerudi nyumbani. Nilikwenda. Mama yake alikuwa amekwisha mwambia. Alikuwa kitandani, ameegemeza hogo juu ya gunia la fifi.

Nilipiga magoti nikasema yote, kuanzia lori la bluu. Alisikiliza akitazama paa.

"Ulicheka," akasema. "Mzee aliposema hata kuku unamwamkia. Nakumbuka ulicheka."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuangalia, kwa sababu nilidhani utanitetea. Wewe ulijua kwamba nilikuwa zamu."

Aligeukia ukutani. Nilikaa mpaka Mayu Philomena aliponiambia, kwa upole ulionichoma, niende nikamsaidie mama.

Jumamosi, 2 Septemba

Nilikwenda. Nyamizi alikuwa "amelala". Nilisikia akikohoa.

Jumamosi, 9 Septemba

Tunang'oa mabua. Viganja vimechubuka. Mzee Mwandu ameanza kwake mapema, na ng'ombe wake wamekwisha kanyaga pale mpaka pamekuwa pagumu, njia kamili. Baba ameng'oa matuta matatu, ingawa aliahidi mawili. Moshi wa mabua kila mahali.

Nilichukua noti za biolojia nikampa Mayu Philomena ampelekee Nyamizi. Zilipokelewa.

Alhamisi, 14 Septemba

Mawingu upande wa Mwamanyili, yakaondoka. Baba amenirudishia baiskeli. Nilisema sitaki. Akasema, "Hukuomba njia kwa ajili ya miguu. Panda."

Jumatatu, 18 Septemba

Njia imefika mpaka karibu na daraja. Hapo kuna shamba la Mzee Marcelo, mabua yake yameng'olewa lakini amepigilia miiba ukingoni, kwa hiyo wote tunarudi barabarani mpaka tuvuke. Kabla ya hapo unasimama, unangoja vumbi la lori lishuke kabisa, hata kama hulisikii la pili. Tumefundishana hivyo. Lucy amerudi shule, naye anangoja.

Leo asubuhi nilisikia kengele nyuma yangu. Alikuwa Mzee Thomasi, na kwenye keria Nyamizi amekaa upande, hogo limetokeza mbele kama mpini wa jembe, daftari kifuani. Siku yake ya kwanza kurudi.

Nikashuka, nikasogea shambani kuwapisha, nikakunja goti. "Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka," aliitikia. Alikanyaga pedeli taratibu, hakusimama.

Nyamizi alinitazama wakati wanapita. "Unamkunjia baba, au mimi?"

"Wote."

"Mimi bado sijaitikia."

Wakaenda. Lori lilipita barabarani, vumbi likaja mpaka kwenye njia, lilipotua walikuwa wamekuwa wadogo kule mbele.

Nimefikiri kipindi chote cha hesabu, sikupata hata moja. "Bado sijaitikia," ndivyo alivyosema. Hakusema "siitikii". Kesho nitamwamkia tena.